Maziwa ya Jioni

Mtu akikuambia kwamba Wakonyo wa Gicheru alikuwa mwanamke mpole, ujue hakuwahi kumkuta zizini. Kanisani alikuwa mpole, hilo sikatai. Alikaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti ya chini, akatoka bila kumsengenya mtu. Lakini akishaketi kwenye kigoda chake, ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, hakutaka kusikia neno. Ng'ombe anaisoma mikono ya mtu, alikuwa akisema, na akihisi una wasiwasi anayaficha maziwa, hata umbembeleze vipi. Basi mgeni aliyefika kwake saa za kukamua alisimama nje ya ua akikohoakohoa mpaka kazi iishe, awe chifu, awe mhubiri.

Nyumba yake ilikuwa juu ya Wamagana, kwenye mgongo wa kilima ambao asubuhi nyingi za mwezi wa saba hauonekani kwa ukungu. Kahawa ilikuwa chini kuelekea mtoni, mahindi na maharagwe katikati, nepia, majani ya ng'ombe, pembeni, na zizi karibu kabisa na mlango wa jikoni. Mumewe, Gicheru, alirudi kutoka kizuizini na kifua kibovu. Akauona uhuru, akaushangilia na kukohoa kwa pamoja, na baada ya miaka michache akaenda zake. Alimwachia mke watoto wawili, Nderitu na Ngendo, na mtamba mmoja wa gredi, wa mbegu ya kizungu. Mtamba huyo ndiye aliyekuja kumzaa Njeru, ng'ombe mweupe mwenye baka moja jeusi shingoni, ambaye ndiye hasa aliyewasomesha watoto wale.

Kwenye mgongo ule kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyejua nani aliianza. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ya lori. Yalibebwa kwenye mitungi hadi barabarani, karani wa ushirika akayapima, lori likayachukua hadi kiwandani Kiganjo, na mwisho wa mwezi mtu akaenda kupokea chake. Maziwa ya jioni yalikuwa ya nyumbani. Na nyumbani hapo hapakuishia mlangoni. Jirani asiye na ng'ombe, au ambaye ng'ombe wake ameacha kukamuliwa, alikuja alasiri akatundika kibuyu chake kwenye ua wa mwenye maziwa, na kando yake kitu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba: konzi ya maharagwe, kiazi kitamu, chumvi kidogo. Asiyekuwa na kitu kabisa alileta kitita cha majani ya ng'ombe. Hakupiga hodi, wala hakuomba. Mwenye ng'ombe alipomaliza kukamua alimimina alichoweza kumimina, akakitundika kibuyu palepale, na giza lilipoanza kuingia mwenyewe alipita kukichukua. Mara nyingi hawakuonana hata uso.

Jambo moja tu lilikatazwa. Mwenye maziwa hakuyapeleka nyumbani kwa jirani. Labda kama mwanamke amejifungua, hapo ilikuwa heshima. Lakini kwa siku za kawaida, kumbebea mtu maziwa mpaka mlangoni kwake ilikuwa ni kumwambia mbele ya watoto wake kwamba ameshindwa na maisha. Mtu aliyetundika kibuyu alikuwa jirani. Mtu aliyeletewa alikuwa maskini. Wageni hawakuielewa tofauti hiyo, na watu wa pale hawakuona haja ya kuwafafanulia.

Kibuyu kilichotundikwa sana kwenye ua wa miba ya kayaba wa Wakonyo kilikuwa cha Magdaline. Huyu alikuwa mjane kama yeye, jirani wa upande wa chini, mwenye kipande cha shamba ambacho mbuzi angekimaliza kabla ya saa sita. Aliuza mboga sokoni Wamagana, na alisifika kwa uji wake wa kuchacha, ambao hata watu waliokuwa na nafaka kumshinda walikiri kwamba hawauwezi. Binti yake Murugi alifariki baada ya kujifungua, akamwachia mtoto mchanga wa kike. Kwa kuwa hakukuwa na baba aliyejitokeza kumdai, mtoto alipewa jina la upande wa mama, Wachuka, ambalo ndilo jina la nyumbani la Magdaline mwenyewe. Basi kulikuwa na Wachuka mkubwa na Wachuka mdogo, na mdogo aliishi kwa maziwa ya jioni ya Njeru.

Sasa tumtazame Nderitu. Kijana alisoma, tena alisoma kwelikweli, shule za bweni hadi chuo kikuu Nairobi, akarudi na shahada ya uchumi na tai mbili. Serikali ikampa kazi ya ofisa wa ushirika mjini Nyeri. Siku alipokuja mara ya kwanza kuhutubia chama cha maziwa cha kwao, Wakonyo alivaa leso yake ya Krismasi ijapokuwa ilikuwa mwezi wa tatu. Mkutano ulifanywa katika darasa la shule ya msingi, wazee wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto, na Nderitu akasimama mbele ubaoni na chaki.

Aliongea vizuri, lazima niseme hivyo, maana si haki kumdharau mtu kwa sababu tu mambo yaligeuka. Aliwaonyesha kwamba nusu ya kile ng'ombe zao walichotoa hakikufika sokoni. Kiko wapi? Kimeliwa, kimemwagwa, kimegawanywa. Wakinunua mashine ya kupozea maziwa, lori litaweza kupita hata jioni, na kwa mapato hayo chama kitawakopesha wanachama unga wa ng'ombe, na baadaye kitaleta pampu ya maji kutoka mtoni. Lakini mashine ni ghali. Haitajilipa ikiwa watu wataleta wakitaka na kuacha wakitaka. Kila mwanachama alete, abakishe ya chai na ya ndama tu. Asiyeleta asikopeshwe.

Mwenyekiti Kingori, mzee mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, aliuliza wanaokubali wainue mikono. Mkono wa Wakonyo ulikuwa kati ya ile ya kwanza kabisa. Hakuwa amefikiria kibuyu cha mtu yeyote. Alikuwa anamtazama mwanawe ubaoni, na chaki iliyomchafua mkono wa koti, na alikuwa anajizuia asiende kuipangusa. Angeinua mikono yote miwili kama ingeruhusiwa.

Mashine ilikuja, ikafungwa kwenye kibanda kipya kando ya barabara, na lori la jioni likaanza. Mwanzoni Wakonyo alijaribu kuridhisha pande zote. Alimimina kidogo kwenye kibuyu cha Magdaline, kidogo kuliko zamani, na yaliyobaki akayabeba barabarani. Lakini kiangazi kikaja, nepia ikakauka, na Njeru akapunguza. Jioni moja Kingori alikuwa amesimama kibandani wakati karani anapima. Akatazama mtungi wa Wakonyo, akacheka cheko lake kubwa, akawaambia watu kwamba ofisa anatuhimiza sisi tulete maziwa, na kwa mama yake yananywewa na paka. Alikuwa anatania tu. Watu wakacheka, na Wakonyo akacheka pamoja nao. Alirudi nyumbani uso umemuwaka.

Kesho yake hakumimina. Alikamua, akafunika mtungi, akapita kando ya ua akiwa ameelekeza macho upande wa pili, kama vile kibuyu kile kina macho ya kumtazama. Kililala palepale kitupu. Alasiri iliyofuata alikikuta kimetundikwa upya, na kando yake maharagwe kwenye jani la mgomba, mengi kuliko ya kawaida. Magdaline alikuwa amedhani labda ng'ombe ni mgonjwa, na kwamba jirani yake ana shida. Jioni hiyo pia Wakonyo alipita. Siku ya tatu kibuyu hakikuwepo.

Maharagwe yalibaki. Wakonyo hakuweza kuyachukua, maana angekuwa anakula alichokataa kukijibu, na Magdaline hakuweza kurudi kuyachukua, maana hapo angekuwa amemtangazia vita. Yakakaa uani kwenye jani lake. Mvua za kwanza ziliponyesha yakaota, yakatoboa jani, yakaanza kupanda juu ya kayaba. Kila asubuhi Wakonyo aliyaona akienda kukata nepia. Mara mbili alitia mkono ayang'oe, na mara zote mbili aliuondoa mkono.

Si kwamba mgongo ule uliharibika. Ningekuwa mwongo. Theuri, jirani wa upande wa juu, aliezua nyasi akaezeka mabati, na mvua ikawa haimnyeshei tena kitandani. Duka la Wamagana likaanza kuuza mikate kila siku badala ya Jumamosi tu. Watu walinunua redio. Na walinunua pia maziwa ya pakiti, kwa sababu chai haina siku ya kupumzika na ya nyumbani yalikuwa yameuzwa yote. Maziwa yao yalienda Kiganjo kutembea, yakarudi yamevaa karatasi, na wakayalipia kama wageni. Asiyeweza kuyalipia alikunywa turungi, chai isiyo na maziwa. Watoto wengi walizoea turungi. Wachuka mdogo hakuwa na umri wa turungi, yeye alikuwa wa uji mtupu.

Wakonyo alimwona vizuri Jumapili moja njiani kutoka kanisani. Magdaline alisimama, wakasalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za mvua. Hakuna aliyetaja kibuyu. Mtoto alikuwa mgongoni mwa nyanyake, na kofia ya sufu ilipoteleza Wakonyo aliona nywele zimekuwa nyepesi, zenye wekundu wa nyasi kavu, na shingo iliyokonda. Akauliza mtoto ana nini.

"Ni meno tu," Magdaline alisema. "Yanamsumbua. Itaisha."

Akamrekebisha kofia, akasema abaki salama, akateremka. Wakonyo alijua nywele hazibadiliki rangi kwa ajili ya meno. Magdaline naye alijua kwamba anajua. Ile fadhila ya kudanganywa ili asione aibu ilimwingia Wakonyo vibaya kuliko matusi, na alipofika nyumbani hakula.

Alikuwa amewahi kuziona nywele za namna ile, na alizionea kichwani mwa mwanawe mwenyewe. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, walipofukuzwa mashambani na kurundikwa katika kijiji chenye handaki. Gicheru alikuwa kizuizini, ng'ombe wao walikuwa wamechukuliwa, na yeye alikuwa na Nderitu anayenyonya ziwa lisilotoka kitu. Nyumba ya tatu kutoka kwake kulikuwa na mwanamke aitwaye Warigia, ambaye mumewe alikuwa homgadi, mlinzi wa upande wa wakoloni, na kwa hiyo aliruhusiwa kubaki na ng'ombe mmoja. Wanawake wengine hawakumsalimia Warigia. Wakonyo naye hakumsalimia. Mume wa Warigia ndiye aliyewaongoza askari hadi alipolala Gicheru. Lakini jioni moja Wakonyo, akiwa ameishiwa na kiburi chote, alichukua kibuyu akakitundika kwenye kigingi cha nyumba ya adui yake, akarudi amejifunika uso. Giza lilipoingia kilikuwa kimejaa. Ikawa hivyo kila jioni, mpaka wakaruhusiwa kurudi mashambani. Hawakusemezana hata siku moja. Baada ya uhuru Warigia na mumewe walihamia Wang'uru kulima mpunga, na huko ndiko alikofia. Wakonyo alipata habari za msiba sokoni, mazishi yakiwa yameshapita.

Jumatatu jioni lori lilipiga honi barabarani na Wakonyo hakutokea. Alikamua, akaweka maziwa jikoni, akafunika. Hakutokea Jumanne pia. Karani akampelekea salamu, kisha Kingori akampelekea salamu, kisha ikasemwa wazi kibandani kwamba mama wa ofisa amegoma. Alisimamishiwa unga wa ng'ombe. Alikata nepia zaidi kidogo na hakumjibu mtu.

Shida ni kwamba kibuyu cha Magdaline hakikurudi. Kila alasiri Wakonyo alitazama ua, na kila alasiri ua ulikuwa na maua ya maharagwe tu. Magdaline alikuwa amesikia habari za kibandani kama kila mtu, na hakuwa mwanamke wa kumwongezea mwenzake matatizo. Maziwa yakachachia jikoni. Mengine akapewa ndama, akanenepa kama mtoto wa chifu, huku mtoto wa mtu ng'ambo ya ua anakonda. Wakonyo alipoliona hilo kwa macho yake alikaa kwenye kigoda akalia, na Njeru akageuka kumtazama.

Nderitu alikuja Alhamisi moja kwa pikipiki ya ofisi. Alifika wakati wa kukamua, na kwa kuwa alilelewa vizuri alisimama nje ya ua akakohoa. Mama alimaliza, akamkaribisha jikoni, akampa kikombe cha maziwa ya moto bila kumuuliza. Kijana alikinywa chote, na hapo ndipo alipoanza.

Hakumkaripia. Alimweleza kwa upole kwamba wanachama wengine sasa wanauliza kwa nini walete wao kama mama wa ofisa haleti, na mashine bado haijajilipa. Mama akamwambia habari za Wachuka mdogo. Nderitu akasikitika, na kusikitika kwake kulikuwa kwa kweli. Kisha akasema jambo lile linaweza kupangwa. Chama kiweke fungu kidogo kutoka mauzo ya jioni, kamati iamue nani apewe msaada, na Magdaline awe wa kwanza. Kibuyu, alisema, kinategemea moyo wa mtu mmoja.

"Na yule jirani yake ni mchoyo, mama? Ama yule hawapatani? Huyo atatundika kibuyu yake wapi?"

Lilikuwa swali zuri, na Wakonyo hakupenda kulikwepa.

"Hiyo ni kweli," alisema. "Jibu ya hiyo sina."

Kisha akamweleza habari za Warigia. Nderitu alikuwa anajua kwamba walikaa kijijini wakati wa vita, lakini habari ya kibuyu hakuwa ameisikia, kwa sababu katika nyumba ile mambo ya wakati ule hayakuzungumzwa Gicheru alipokuwa hai, na baada yake yakawa yamezoea kunyamaziwa. Alisikiliza kikombe kikiwa mkononi. Mwishowe akasema taratibu, kama mtu aliyepata ufunguo, kwamba sasa ameelewa. Mama analipa deni.

"Ningekuwa nalipa deni ningepeleka Wang'uru, kwa watoto wa Warigia," Wakonyo alisema. "Huyo mama sikumrudishia hata kijiko. Na ni bwana yake alipeleka askari kwa baba yako. Sasa wewe umesoma hesabu. Niambie, hiyo utaanza kuhesabu kutoka wapi? Ni nani iko na deni ya mwenzake?"

Nderitu akakiweka kikombe chini.

"Sisemi kazi yako ni mbaya. Ni asubuhi ilikulipia shule, na asubuhi nitaleta mpaka nikufe. Lakini jioni niliuza kitu haikuwa yangu peke yangu, na niliinua mkono nikifurahi, juu ni wewe ulikuwa unaongea."

Alipomaliza kusema hivyo alichukua sufuria akaanza kuisugua ijapokuwa ilikuwa safi. Nderitu alimwambia, bila kumtazama, kwamba kamati itakutana na itabidi jina lake liondolewe kwenye mikopo yote, hata ya pampu, na yeye ndiye atakayelisoma. Akajibiwa afanye kazi yake. Kisha kijana akatazama nje, akauliza hicho kibuyu chenyewe kiko wapi, mbona hakioni. Mama akamwambia hakipo, Magdaline hatundiki tena.

"Si umpelekee tu, mama. Ni hapo tu."

Wakonyo aligeuka akamtazama kama aliyemwambia aende kanisani bila nguo. Halafu hasira ikamtoka, kwa sababu alikumbuka ni yeye aliyempeleka bweni angali mdogo, na mambo ya ua hayafundishwi bweni.

"Nikimpelekea," alisema, "nitakuwa nimemlisha. Lakini jirani nitakuwa nimepoteza."

Nderitu alilala pale, na alfajiri akaondoka kwenda Nyeri. Wakonyo alimsikiliza mpaka mlio wa pikipiki ukaisha bondeni, kisha akaingia chumbani akapekua nyuma ya kitanda, akatoa kibuyu kilekile cha kijijini, chenye shingo iliyopasuka na kushonwa kwa uzi. Akakisuuza kwa maji ya moto mara kadhaa. Akapima sukari kwenye jani la mgomba, akalifunga. Alasiri ilipofika akavaa ile leso ya Krismasi.

Zilikuwa saa ambazo watu wote wako mashambani na wanaonana kutoka mgongo huu hadi ule. Mke wa Theuri alikuwa anapalilia. Aliacha jembe hewani. Mama wa ofisa, mwenye Njeru, mwanamke ambaye katika maisha yote ya uhuru hakuwa ametundika kibuyu kwa mtu, alikuwa anateremka kijinjia cha Magdaline ameshika kibuyu kitupu. Kule hakukuwa na ng'ombe, wala mbuzi. Ua wenyewe ulikuwa wa vijiti vilivyofungwa kwa kamba za migomba. Wakonyo alichagua kijiti kilichoonekana imara, akatundika kibuyu chake, akatundika sukari kando yake, akapanda kurudi. Alikuwa ameomba, na mtu aliyeomba anaweza kunyimwa. Magdaline akiamua kupita kando yake kama yeye alivyopita, atakuwa na haki, na hapo hakutabaki njia nyingine.

Hakukamua vizuri jioni ile. Giza lilipoanza kuingia alishuka tena. Kibuyu kilikuwa palepale, na kutoka mbali hakuweza kujua kama kina kitu. Alikishika chini kwa kiganja. Kilikuwa kizito. Alifungua akanusa, na harufu ya uji wa kuchacha ikampanda puani, ule uji wa Magdaline ambao hakuna aliyeuweza. Alikunywa akiwa amesimama njiani, kibuyu kizima, ukimchuruzikia kidevuni hadi kwenye leso, na kutoka ndani ya nyumba alisikia mtoto akilia na mtu akimbembeleza. Hakupiga hodi.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kamati. Watu walisema baadaye kwamba Nderitu alilisoma jina la mama yake kwa sauti ileile aliyosomea majina mengine, na alipomaliza akaomba aseme neno lisilokuwemo kwenye ajenda. Aliwaambia kwamba yeye alikunywa maziwa ya jioni ya watu wengine, na kwamba siku aliyosimama ubaoni hakuwa anajua. Hakupendekeza kitu. Kingori akamuuliza sasa anataka waandike nini, na Nderitu akasema hajui. Lori la jioni likaendelea, na jina la Wakonyo likabaki limeondolewa. Maji ya pampu yalipofika miaka ile ya mbele yalipita kando ya shamba lake, na yeye aliendelea kuyabeba ya mtoni.

Lakini alasiri hiyo, watu wakiwa bado kwenye kamati, Wakonyo alitoka jikoni na kigoda chake akaenda zizini. Alipopita kando ya ua aliona kitu katikati ya maharagwe yaliyopanda. Kibuyu cha Magdaline kilikuwa kimetundikwa mahali pake pa zamani, na kamba yake imezungushwa kwa uangalifu ili isiyakate mashina ya maharagwe, ambayo yalikuwa yameanza kutoa maganda.

Aliketi, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Njeru, akashika. Hakuna kilichotoka. Njeru alikuwa ameisoma mikono yake, na ameyaficha maziwa yote. Alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumwimbia wimbo wa kanisani, na Njeru akasimama tu kama gogo. Barabarani lori lilifika, likapiga honi, likapiga tena. Wakonyo hakuinuka. Alikaa vilevile amefumba macho, akipumua pamoja na ng'ombe, mpaka honi ikanyamaza na lori likashika njia ya Kiganjo. Ndipo maziwa yakashuka.